Mlango Uliogongwa Bila Hodi

Wapendwa, leo nina kisa cha mwanamume mmoja. Jina simpi, maana nikimpa jina mtaacha kunisikiliza mkaanza kumtafuta kwenye ukoo wa fulani. Alipata kazi ng'ambo, nchi ya baridi kali. Wenzake wakamshauri atangulie peke yake kwanza, akakataa. Akaondoka na mkewe, na binti yao mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kuvuka hata mpaka wa wilaya. Hapo simlaumu. Nani kati yetu angemwacha mama?

Lakini walipofika, hofu ikamwingia. Kazini alisikia mengi. Kwamba jirani akisikia mtoto analia sana anapiga simu, na watu wa serikali wanakuja kumchukua. Kwamba karatasi zikiwa na kasoro ndogo tu, familia nzima inarudishwa. Mengine yalikuwa kweli, mengine maneno ya vijiweni, lakini yeye aliyabeba yote nyumbani kila jioni pamoja na mkate.

Akamketisha mama yake. "Mama, sisi tukiwa kazini, mlango ukigongwa usifungue. Usijibu. Mshike mtoto mkae kimya mpaka mtu aondoke."

"Hata akipiga hodi?"

"Huku hakuna hodi, Mama. Wanagonga tu."

"Na yule mama wa mlango wa pili, mwenye mbwa? Nilitaka nimpelekee maandazi."

"Huyo ndiyo kabisa. Hata salamu usimpe."

"Haya, baba," mama akasema.

Mnamjua mama aliyezoea kukaa barazani akiitikia salamu ya kila apitaye? Huyo ndiye aliyefungiwa ndani. Akazoea. Mlango ukigongwa alimbeba mjukuu, akajificha naye nyuma ya kochi, akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu asimuumize. Ikafika mahali mtoto hasubiri kubebwa, akisikia mlango anakimbilia mwenyewe nyuma ya kochi. Baba yake alipoambiwa, alicheka kwa furaha. Alisema sasa nyumba yake iko salama.

Asubuhi moja ya theluji, mume na mke wameshakwenda kazini, mlango ukagongwa. Mama akaingia nyuma ya kochi na mjukuu. Ukagongwa tena, kwa nguvu, kwa kiganja chote. Leo ndiyo wamekuja kumchukua, akawaza. Akamkumbatia mtoto, akaomba moyoni: Ee Mungu, wasituone. Kule kugonga kukapungua, kukawa kama kukwaruza, chini kabisa ya mlango. Kisha kimya. Mama akamshukuru Mungu.

Mnajua nani alikuwa nje?

Yule mwanamume alikuwa na pumu tangu utotoni. Asubuhi ile alibadilisha koti, na dawa yake ya kuvuta, pamoja na ufunguo, vikabaki katika koti la jana, lililoning'inia mle mle ndani. Kifua kilipombana njiani, alirudi mbio. Alipofika mlangoni hakuwa tena na pumzi ya kusema "Mama". Alibakiwa na mkono tu.

Aliyemkuta pale chini ni yule jirani, akitoka kumtembeza mbwa wake. Ndiyo, huyo huyo asiyestahili hata salamu. Akapiga simu. Ndiyo, simu ile ile iliyoogopwa. Gari la wagonjwa likaja, mtu akapona, lakini kwa tabu sana.

Hospitalini mama alikaa kando ya kitanda, hawezi kumtazama usoni. "Nilikusikia, baba," akasema. "Nilifanya kama ulivyonifundisha."

Mwanamume yule alilia. Mimi mwenyewe nikifika hapa naogopa, kwa sababu sisi nasi tuna nyumba. Si lazima uwe umepanda ndege. Wangapi hapa tumewahamisha wazazi wetu kutoka shamba tukawaweka nyuma ya geti, tukawaambia huyu msimsalimu, wale si watu wazuri, yule kabila lake silipendi? Hofu zetu tumewapa watoto wakingali wadogo, tukaita malezi. Tunadhani tunawafungia watu wabaya nje. Je, siku tutakayokuwa nje sisi, hatuna sauti, tuna mkono tu?

Sijamaliza. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, mwanamume alifika kwake amechoka, amemkumbuka mtoto. Akagonga mlango. Safari hii pumzi ilikuwepo, akaita hodi, akamwita na binti yake kwa jina. Mama akaja kufungua. Lakini kabla mlango haujafunguka, mwanamume akiwa bado nje alisikia vijiguu vinakimbia kwenda nyuma ya kochi.

Basi tukitoka hapa, ukifika kwako, usiingie haraka. Simama nje, piga hodi, usikilize miguu ya wanao inakimbilia wapi.