Fisi Aomba Kustaafu

Kiangazi kimoja kilikuwa kirefu sana, hata wanyama wazee walioshindwa kutembea kutafuta malisho wakafa wakiwa wamekaa. Mvua ziliporudi, mfalme Simba aliwaita wote mtoni.

"Mnanilipa kodi ya chakula kwa kuwa ninalinda maji," alisema. "Kuanzia leo, kila mmoja aweke pia akiba ya uzeeni katika pango hili. Mtakachoweka sitakikata kodi sasa. Nitakikata siku mtakapokitoa, mkiwa hamna nguvu tena. Mtunza pango ni Sungura."

Fisi aliuliza, "Na nikitaka changu kesho?"

"Kesho utakuwa umezeeka?" Sungura akamwuliza.

"Nitakuwa na njaa."

"Hiyo unayo hata leo."

Wengine wakacheka. Fisi aliweka vipande vichache vya nyama kavu, shingo upande.

Kiangazi kilipoingia tena, Fisi alijipaka majivu usoni, akashika mkongojo, akaenda pangoni akichechemea. Humo alimkuta Bibi Nyumbu, mzee wa kweli, akila majani yaliyopondwa.

"Nimekuja kustaafu," Fisi alimwambia Sungura.

"Umezeeka lini?"

"Asubuhi."

Sungura aliyaona majivu, lakini hakuyataja. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nipe akiba yangu. Na hii ya bibi nitamtunzia mimi. Yeye anakula polepole."

"Ya bibi ni ya bibi. Wewe meno yamebaki mangapi?"

Fisi aliziba mdomo kwa mkono. "Hata moja."

"Basi utakula kama wazee wengine, supu bila mfupa. Na mstaafu haendi tena kuwinda."

Fisi akakubali. Alikunywa supu siku ile na siku zilizofuata, huku akiba yake ya nyama ikipungua na hamu yake ikizidi. Ndipo Simba akamwangusha nyati karibu na pango. Sungura aliomba mfupa wa paja, akaupitisha taratibu mbele ya Fisi.

"Unaupeleka wapi?" Fisi aliuliza.

"Kuutupa, babu. Humu hakuna mwenye meno."

Fisi alitazama pembeni. Mate yakamtoka, yakaosha majivu ya kidevuni. Mwishowe aliurukia mfupa, akauvunja, na mlio ukasikika hadi mtoni. Simba akaja kutazama.

"Mzee wako anatafuna vizuri," alimwambia Sungura.

"Ameanza leo, mfalme."

Simba akamgeukia Fisi. "Ulichokula kabla ya wakati kina kodi mara mbili. Kilichobaki hukigusi mpaka meno yako yang'oke yenyewe."

"Nitalipa kwa kitu gani?"

"Kwa huo mfupa."

Fisi akautoa mdomoni, akaukabidhi. Alikuwa na haya, lakini njaa ilizidi haya.

"Pole, mjukuu wangu," alisema Bibi Nyumbu, akiendelea na majani yake. "Miaka ya kufanya kazi bado unayo mingi."

Fisi akatoka kwenda kutafuta chakula. Wenzake walikuwa wamekwisha kumla nyati, wakaacha kwato.