Bandeji kwenye Goti Zima

Hapo zamani, si zamani za mababu bali za juzi tu, Kakamega palikuwa na mchezaji wa raga aitwaye Musonye. Raga ilimlisha, raga ikamla. Mwaka wa kwanza bega, akarudi. Mwaka wa pili mbavu; akarudi. Mwaka wa tatu goti la kulia. Akarudi akichechemea, akidai ni mwendo wa maringo. Wewe unayecheka, hujaangukiwa na mtu wa kilo mia na kumi. Nyamaza usikie.

Daktari wa timu, Mutinda, alimwonya, "Goti hilo likiumia tena, kijana, utabaki kucheza karata."

Sasa, wanaraga wana ujanja wao. Mpinzani akiona bandeji, hapo hapo ndipo anapopiga. Basi asubuhi ya fainali Anti Nerea, mchua misuli wa timu, akafunga bandeji nene goti la kushoto, lile zima.

"Wacha wahangaike na hili," alisema.

Musonye akacheka mpaka akajishika mbavu, zile zile za mwaka wa pili. La kulia lilikuwa limevimba tangu mazoezi ya jana. Akalitupia taulo.

Daktari akaja. Wachezaji thelathini, magoti sitini, atakumbuka lipi? Akaona bandeji, akalikunja goti, akalikunjua.

"Unasikia maumivu?"

"Hapana, daktari."

Na ilikuwa kweli tupu. Akaruhusiwa kucheza.

Uwanjani wapinzani walilivamia la kushoto kama nyuki. Dakika ya kumi na mbili Musonye akageuka ghafla kumkwepa mtu, wala hakuguswa. La kulia likalia kama kuni kavu ikivunjwa. Raga yake ikaishia pale kwenye nyasi.

Hospitalini Anti Nerea alilia. "Ni mimi. Nilifunga kwa mkono huu. Uvimbe niliuona, nikadhani daktari ataukuta."

"Hapana, Anti," daktari akasema. "Bandeji haina macho, mimi ninayo. Ningeondoa taulo tu, ningeuona."

Musonye alikuwa akitazama dari. "Mnaninyang'anya hata kosa langu? Raga imeshakwenda, niachieni hili. Niliulizwa, nikajibu kwa goti lisilouma."

Wakabishana, kila mmoja akilivutia kosa kwake kama mpira uliotoka kwenye msongamano wa skramu, na hakuna aliyekubali kuliachilia.

Haya, wajuaji, mlio na magoti yenu yote mawili: nani alilivunja goti la Musonye?