Kidonda Kisichouma

Anayeona haya kujifunua mbele ya mkunga hatapakata mtoto. Waliotutangulia waliliona hilo mapema, wala hawakuwakusudia wanawake peke yao. Mpaka rangi mmoja, aliyeitwa Brashi na mji mzima, alilijua maji yalipokwisha kumwagika.

Brashi alikwenda ugenini kupaka rangi nyumba ya wageni, na huko akasahau kuwa ana mke. Wiki chache baada ya kurudi, alitokwa na kidonda sehemu za siri. Kilikuwa kigumu, kisafi, wala hakikuuma hata alipokibonyeza. Alinyamaza kwa aibu. Kidonda nacho kikapona chenyewe, na Brashi akarudi kupiga mluzi kazini.

Kisha madoa mekundu yakamtoka viganjani na nyayoni. Mtu mwingine angeshtuka, lakini mpaka rangi hashangai mikono yenye madoa. Alidhani ni dawa ya kuzimulia rangi, akajisugua kwa mafuta ya taa kila jioni, hadi baada ya wiki kadhaa yakapotea.

Siku moja mkewe alikuwa akifua ovaroli. Akainua mikono kutoka kwenye beseni.

"Mume wangu, hebu tazama."

Brashi alitazama. Yalikuwa madoa yake yale yale, kwenye viganja vya mtu mwingine.

"Ni rangi ya ovaroli hiyo," alisema, akamletea mafuta ya taa.

Baada ya wiki kadhaa, madoa yakafutika tena. Tangu hapo, Brashi akipaka ukuta alihisi mtu amesimama nyuma yake. Akigeuka, chumba kitupu.

Mkewe akapata mimba.

"Kliniki wanataka twende sote, tupimwe damu," mke alimwambia.

"Mimba ni yako, damu yangu ya nini? Na wewe usiende, watakutia hofu bure."

Alimkataza kila alipoomba, naye akamsikiliza. Mimba ikakua, mtoto akawa anacheza vizuri. Asubuhi moja mke aliushika mkono wa Brashi, akauweka tumboni.

"Mbona hachezi?"

"Amelala," Brashi alisema. Chini ya kiganja chake tumbo lilikuwa limetulia kama ukuta.

Mtoto alizaliwa hospitalini bila pumzi, ngozi ya viganja na nyayo ikibabuka. Muuguzi aliwapima damu wote wawili, akawaita chumbani kwake.

"Ni kaswende. Kidudu chake ni chembamba, kimejisokota kama skrubu. Kidonda hupona, madoa hufutika, kidudu chenyewe kinabaki mwilini. Kinaweza kunyamaza miaka, halafu kikaibukia moyoni au kwenye ubongo. Sindano tu za penisilini zingemwokoa mtoto."

Mke alimgeukia mumewe. "Ulikuwa unajua?"

"Kilipona chenyewe."

"Sikukuuliza kama kilipona."

Brashi alilia. "Niliogopa aibu itaniua."

"Haikukuua wewe," mkewe alimjibu.

Muuguzi alipovuta dawa kwenye sindano, Brashi alifungua mkanda na kushusha suruali mbele yao wote wawili, bila hata kuambiwa. Ilikuwa kazi nyepesi, na alikuwa amechelewa kuifanya: mficha uchi hazai.