Kitambaa Juu ya Mshale

"Ukiufunika, utaacha kukua?"

Hilo ndilo swali aliloulizwa Lugano na jirani yao, Mama Sekela, alipomwona akijifunga khanga ya pili kifuani, jua nalo linachoma. Chini ya khanga hiyo, kwenye titi la kushoto, palikuwa na uvimbe. Nyumba nzima ilijua, ila Lugano hakutaka utajwe. Akacheka tu.

"Mama Sekela nawe! Kwa macho hayo ungelinda benki."

Bibi yake, Bibi Anyimike, alikuwa mlangoni akichambua maharage. Hakuinua uso. Akasema taratibu, "Mfunika mshale hapozi injini."

Wajukuu waliokuwa wamekaa mkekani wakageuka. "Bibi, hiyo umeitoa wapi? Mbona shuleni hatujaisikia?"

"Haikutoka shuleni, wanangu. Ilitoka barabarani. Sogeeni. Methali hii ilianza hivi."

Palikuwa na dereva mmoja mtu wa Tukuyu, jina lake Ambakisye, aliyekuwa akiishi Morogoro na mkewe Tumpale; binti yao Gwantwa alikaa Tukuyu kwa babu yake. Aliendesha lori la dizeli lenye trela nyuma, akipeleka mbolea Mbeya. Tumpale alimfumia kitambaa cheupe cha kutandika juu ya dashibodi, akakitia maneno kwa uzi mwekundu: Safari Njema. Madereva wenzake walimtania kwamba lori lake lina sebule. Yeye alikipenda, na kila Jumamosi alikipeleka nyumbani kikafuliwe.

Pale kwenye dashibodi palikuwa na geji ya joto la injini, yenye mshale mwembamba. Mshale ukitulia katikati, mambo ni salama. Ukianza kuelekea kwenye nyekundu, maji yanachemka ndani ya rejeta. Dereva mwenye akili hapo huteremsha gia, hupunguza mwendo, hutafuta pahali papana akasimama, akaiacha injini ingurume polepole hadi ipoe. Kuvuta trela lenye mzigo mlimani ni kama kupanda na mtu mgongoni. Jasho lazima litoke.

Kiangazi kimoja zikaja habari kwamba baba yake Ambakisye amefariki. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na kwao udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mtoto wa kwanza. Wazee wakasema watamngoja. Lori lilikwisha pakiwa mbolea, tena likajazwa kupita kiasi. Akampandisha mkewe, wakaondoka asubuhi hiyo hiyo.

Chini ya mlima wa Kitonga madereva walikuwa na desturi yao. Kila lori lenye trela lilisimama, watu wakala, injini ikapumua. Waliiita kuuamkia mlima. Siku hiyo Ambakisye alipunguza mwendo tu. Rafiki yake Chaula, aliyekuwa ameshika sahani ya ugali, akapiga kelele:

"We Ambakisye! Leo huuamkii mlima?"

"Baba amelala ananingoja!"

"Pole sana, ndugu yangu! Lakini mlima haujui msiba!"

Ambakisye akapunga mkono, akapanda.

Kona ya kwanza wakaipita, na ya pili. Tumpale hakuwa dereva, lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mshale.

"Baba Gwantwa, mshale umepita katikati."

"Nimeuona."

Akafungua hita ili joto la injini liingie ndani kwao. Kibanda cha dereva kikawa kama tanuri, wakatota jasho wote wawili. Mshale ukarudi kidogo, kisha ukapanda tena.

"Baba Gwantwa, tusimame pale penye uwazi."

"Tukisimama hapa mpaka ipoe, jua litatuchwea njiani. Nitamwambia nini baba yangu?"

"Baba hana haraka tena."

Neno lile lilimchoma. Akasema, "Mama Gwantwa, unanitia wasiwasi na huo mshale wako." Akanyoosha mkono, akakivuta kile kitambaa cheupe, akakilaza juu ya geji. "Haya. Sasa tusafiri kwa amani."

Na kweli, amani ikaja. Hilo ndilo la kusikitisha. Kwa kuwa hakuona tena kitu, Tumpale moyo ulitulia. Akafumba macho akaomba. Aliomba wafike. Hakuomba wasimame.

Kilichomfumbua macho ni harufu ya kuungua, halafu mvuke mweupe mbele ya kioo. Injini ikagonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, ikanyamaza. Breki zikashika kidogo, kisha uzito wa ile mbolea ukazishinda, trela likaanza kuwavuta kurudi nyuma. Kule chini lilikuwa linakuja basi limejaa watu.

"Mama Gwantwa, ruka!"

"Na wewe?"

"Ruka, nakwambia!"

Akaruka. Ambakisye akabaki na usukani, akalielekeza lori ukutani kwenye miamba. Basi lilisalimika, na abiria wake wote. Aliyekufa ni yeye peke yake.

Huko Tukuyu, waliokuwa wamechimba kaburi moja wakachukua tena majembe, wakachimba la pili kando yake. Udongo wa kwanza, kwa yote mawili, ulitupwa na Gwantwa, binti yake.

Chaula alifika msibani na kile kitambaa. Alikikuta kizima kwenye mabaki ya lori, hata uzi haukufumuka. Akamuuliza mjane, "Shemeji, ilikuwaje? Ambakisye aliijua kazi yake."

Tumpale akakitazama kitambaa mapajani mwake. "Alifunika mshale," akasema. "Injini haikupoa."

Chaula akarudi na maneno hayo barabarani. Madereva wakayasema walipouamkia mlima, mama lishe wakayachukua, yakaingia majumbani. Yakafika hata kwa watu wasiowahi kupanda lori.

Bibi Anyimike akapepeta maharage yake mara moja.

"Basi, wanangu, ndiyo hiyo. Mfunika mshale hapozi injini."

Hakuna aliyecheka. Lugano alikuwa amesimama muda wote ameegemea ukuta. Akaifungua ile khanga ya pili, akaikunja, akaiweka kitini. Akavaa kandambili zake, akapita katikati ya wadogo zake, akashika njia ya zahanati.