Masomo ya Mikono

Wahenga hawakusema kwamba gogo humalizwa na shoka kubwa, wala na mwenye misuli. Walisema bandu bandu huisha gogo. Kazi inayoonekana kumzidi mtu nguvu humalizika akiimega kidogo kidogo bila kukata tamaa. Anayebandua vipande huchekwa asubuhi. Jioni hakuna wa kumcheka, kwa kuwa gogo lenyewe halipo tena.

Palikuwa na mwalimu aliyefundisha watoto viziwi kwa lugha ya ishara. Aliwapenda wanafunzi wake, nao walimpenda, wakizoea kumkimbilia langoni wakimweleza kwa mikono ndoto walizoota usiku. Muhula mpya ulipokaribia, mwalimu huyo alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia, na shule haikuwa na mwalimu mwingine aliyejua ishara.

"Mimi nitakaa nyumbani na mtoto mmoja," alimwambia mama mkwe wake, "lakini wale wengine wote watakaa darasani wakitazama midomo ya watu ikitikisika bure. Na mtihani hauwasubiri."

Basi kila alipotoka kazini alisimama mbele ya pazia jeupe la sebuleni, miguu imevimba kama mito ya kulalia, akajirekodi akifundisha kwa ishara. Alirekodi masomo ya muhula mzima, akayahifadhi kwenye kompyuta ya nyumbani. Nakala nyingine haikuwepo. Mtandao wa shuleni ulikuwa hafifu, na kuyatuma huko hakukuwezekana. Mlezi wa bweni alikuwa apite jioni na gari la shule, siku moja kabla ya kufungua, achukue masomo hayo yakiwa ndani ya diski ndogo ya kubeba mkononi.

Asubuhi ya siku hiyo mwalimu alichomeka diski, akachagua masomo yote na kuamuru yanakiliwe. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulipofika theluthi moja, ukasimama kama punda aliyegoma. Mshale ukakataa kusogea. Hata saa iliyoandikwa pembeni mwa kioo ikasimama. Akaizima kompyuta kwa nguvu, akaiwasha, akarudia. Ikaganda vilevile.

"Hiyo mashine imezeeka, shemeji," alisema mdogo wa mume wake kutoka mlangoni. Kijana huyo aliishi nao, na watu wote walimwita Chapuchapu. Alikuwa mtu wa kufunga kamba za viatu huku akitembea, na wa kunywa chai ikichemka kisha akaulaumu ulimi. "Niachie mimi. Nafuta kila kitu, naiwekea programu upya, saa moja tu inang'aa kama bibi harusi."

"Ukifuta kila kitu, masomo yanakwenda wapi?"

"Si tunayahamisha kwanza?"

"Tunayahamishaje, na kuhamisha ndiko kunakoigandisha?"

Chapuchapu akakuna kichwa. Mama mkwe, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, akacheka hadi akaiweka chini. Kisha akamtazama mkwewe na kicheko kikamwisha. "Mwanangu, hebu kajinyooshe kidogo. Umesimama tangu alfajiri. Huyo uliyembeba naye anahitaji kulala."

Mwalimu akaenda kulala. Huku nyuma, Chapuchapu alitamani shemeji yake aamke akute kazi imekwisha, maana hakuwa na moyo mbaya hata kidogo. Akabadilisha waya, akafuta programu kadhaa, akageuza mipangilio asiyoielewa, yote kwa mpigo mmoja. Kisha, badala ya kunakili masomo, akayahamisha, ili kompyuta ibaki nyepesi. Mstari ukatambaa, ukasimama. Kompyuta ikaganda kama jiwe la mtoni.

Mwalimu alipoamka na kuiwasha, somo la hesabu za sehemu, zile nusu na robo, halikuwepo. Walilikuta kwenye diski, lakini lilikataa kufunguka. Lilikuwa limehamishwa nusu, na nusu ya pili imepotelea njiani.

"Wewe mtoto," mama mkwe alifoka, "uliambiwa umsaidie shemeji yako au umkalie kooni?"

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Nilitaka aamke akute tayari, Mama. Shemeji, nisamehe."

Machozi yalimlengalenga mwalimu. Somo la sehemu ndilo lililomtesa kuliko yote, kwa sababu watoto wake walilipenda na kuliogopa kwa pamoja. Mama mkwe alivuta kigoda, akainua miguu ya mkwewe mmoja baada ya mwingine na kuilaza juu yake. Wakati mwingine mtu husaidiwa zaidi na kigoda kuliko na maneno.

"Somo moja limekwenda," hatimaye mwalimu alisema. "Mengine yapo. Shemeji, nimekusamehe, lakini kuanzia sasa tunabadilisha kitu kimoja tu, kisha tunajaribu. Tukibadilisha vitano kwa pamoja, hata mgonjwa akipona hatutajua dawa ilikuwa ipi."

"Tutakesha hapa," Chapuchapu alinong'ona.

"Tutabandua," alisema mwalimu.

Kwanza alinakili somo moja peke yake. Likaenda. Akanakili jingine. Nalo likaenda. Akachagua mengi kwa pamoja, na baada ya kitambo kompyuta ikaganda. Akatulia akawaza. Mashine haikukataa kazi, ila ilichoka njiani. Ni nini kilichoichosha? Akaweka kiganja juu ya kasha lake, akakitoa haraka. Lilikuwa la moto kama pasi.

Kasha hilo lilivaa kitambaa kilichofumwa kwa uzi mweupe, chenye maua pembeni. Mama mkwe alikifuma mwenyewe mwaka ule kompyuta ilipoletwa, akakivuta hadi nyuma na kukichomeka vizuri, vumbi lisipate pa kupenya. Kila Ijumaa alikifua na kukirudisha. Mwalimu alikitazama kitambaa, kisha akamtazama mama mkwe.

Mama mkwe alijua kusoma macho ya watu. "Sema tu, mwanangu. Ni kitambaa changu?"

"Mashine hii hupumua kwa nyuma, Mama. Kuna feni pale."

"Kumbe miaka yote hii nimeiziba pua!"

"Uliifunika kwa upendo, Mama. Ndiyo maana imeishi hadi leo bila mkwaruzo."

Mama mkwe alikivua kitambaa polepole, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya tumbo la mkwewe. "Basi kimfunike anayekuja. Yeye ana pua mbele, nitaiona."

Wakacheka wote watatu. Wakazima kompyuta, wakachomoa waya wa umeme, wakafungua ubavu wa kasha. Feni ilikuwa imevaa koti la vumbi. Mwalimu alimpa Chapuchapu brashi laini ya rangi na kumwambia afagie taratibu. Chapuchapu akaona brashi inamchelewesha, akajaza hewa mashavuni na kupuliza. Vumbi lote likamrudia. Alipoinua uso, kope zake zilikuwa nyeupe kama za babu.

"Shikamoo, mzee," mama mkwe alimwambia.

Baada ya hapo alifagia taratibu.

Walipojaribu tena, mstari wa kijani ulipita theluthi, ukapita nusu, na Chapuchapu akaanza kucheza katikati ya sebule. Guu lake likagusa meza. Mstari ukasimama tuli.

"Nilijua!" alisema kwa uchungu. "Hii mashine ina kichwa kigumu. Shemeji, mpigie mlezi umwambie haiwezekani."

Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa pili wa nyumba. Mwalimu alihisi mgongo ukimkata. Hata hivyo alitabasamu. "Mwanzo iliganda kwenye theluthi. Sasa imepita nusu. Kipande kimebanduka, shemeji. Tena wewe mwenyewe umetuonyesha kipande kinachofuata. Umegusa meza, ikasimama. Kuna kitu kinacheza."

Alifuata waya wa diski kwa kidole. Ulikuwa umeungwa kwa waya mwingine ili ufike mezani, na huo wa pili ulichomekwa kwenye tundu la mbele lililolegea kama jino la mtoto. Matundu imara yalikuwa nyuma ya kasha, karibu na ukuta, chini kabisa. Mwalimu alijaribu kuinama, tumbo likamzuia.

"Kaa," alisema mama mkwe. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akachukua tochi, akalala chali sakafuni kama fundi wa magari, kichwa kikaingia chini ya meza. "Niambie. Kuna matundu mengi huku, kama filimbi."

"Tafuta lenye umbo bapa, Mama, lenye rangi ya bluu ndani."

"Nimeliona. Linakataa."

"Geuza upande wa pili."

"Ala! Limekubali. Linabana kweli!"

Wakajaribu. Mstari ukapita theluthi. Ukapita nusu. Chapuchapu aligusa meza kwa kidole kimoja, roho mkononi. Mstari haukujali.

"Imepona!" alipiga kelele. "Shemeji, imwagie masomo yote yaliyobaki!"

Mama mkwe, bado yuko sakafuni, akamchapa kofi jepesi la mguu. "Mgonjwa ameamka leo, wewe unampa jembe?"

Wakanakili mafungu madogo madogo. Kila fungu lilipofika, mwalimu alifungua somo mojawapo kutoka kwenye diski kuhakikisha linacheza, kisha wakaiacha mashine ipumzike kabla ya kuipa fungu jingine. Chapuchapu ndiye aliyeshika zamu ya kugusa kasha. Alikuwa akiligusa kwa upole kama mama anayepima homa ya mtoto, akisema, "Bado, ngoja kidogo," na hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno ngoja maishani mwake.

Mashine ikiendelea na kazi, mwalimu alisimama tena mbele ya pazia jeupe. Somo la sehemu lilipaswa kurekodiwa upya. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na ishara zikawa nzito, ndipo mama mkwe alipoingia kwenye picha bila kuitwa, na chungwa na kisu mikononi. Mwalimu aliashiria nusu, mama mkwe akakata nusu. Aliashiria robo, mama mkwe akakata robo, akala moja, akaionyesha kamera robo tatu zilizobaki. Chapuchapu, aliyeshika simu ya kurekodia, alijizuia kucheka kwa kuuma mdomo. Somo hilo likawa zuri kuliko lile lililopotea.

Honi ya gari la shule ililia barabarani mafungu mawili yakiwa hayajanakiliwa. Mlezi wa bweni aliingia, akaona hali, akaweka mkoba wake chini. "Msiharakishe kwa ajili yangu," alisema. "Dereva nitampa kiti kivulini." Akaketi, akaanza kumkanda mwalimu mabega kana kwamba ndiyo kazi iliyomleta. Fungu la mwisho likaingia, na somo la chungwa likalifuata. Mstari wa kijani ukafika mwisho, ukatoweka. Chapuchapu alirusha brashi hewani, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Siku iliyofuata mlezi alituma video fupi kwenye simu ya mwalimu. Darasa zima lilikuwa mbele ya kioo, na kwenye kioo mama mkwe alikuwa akila ile robo. Haikusikika sauti ya kofi hata moja. Watoto wote walikuwa wameinua mikono juu ya vichwa vyao, vidole wazi, wakiitikisa hewani kama majani ya mti upepo unapopita, maana hivyo ndivyo viziwi wanavyoshangilia. Mwalimu aliitazama video hiyo mara nyingi, naye akainua mikono yake iliyovimba, akaitikisa. Mama mkwe na Chapuchapu wakamfuata.

Theluthi ikawa nusu, nusu ikawa zima, na hakuna mtoto aliyekosa somo. Hakika, bandu bandu huisha gogo.