Fisi Aliyemfungia Ng'ombe Wake

Ngano inabisha hodi!
– Karibu ndani!
Imekuja na nani?
– Na mwongo wake!
Basi mwongo akae, tusikie.

Hapo kale, ukame ulikausha nyika yote. Digidigi, mama wa mtoto mmoja, alifuga ng'ombe wawili, Kidege na Pakacha, kwa ubia na Fisi. Siku ya kugawana ikafika.

Digidigi alikuwa akijua jambo. Kidege alikula kidogo akajaza kibuyu. Mama yake alikuwa hivyo, na bibi yake hivyo hivyo. Pakacha alikula sana akatoa maziwa kiduchu, na ukoo wake wote ulikuwa hivyo.

Kwao, mwenye nguvu huchagua kwanza. Akishang'ata alama sikioni, hakuna kubadilisha.

Fisi akamnusa Kidege. Akafungua mdomo juu ya sikio lake. Moyo wa Digidigi ukapiga: du, du, du!

"Mchukue huyo huyo, Bwana Fisi," akasema haraka. "Huyu mlaji niachie mimi. Msikie!"

Pakacha: kafu, kafu, kafu.

"Ala! Mdomo mkubwa, maziwa mengi. Ulitaka kunipunja, bibie!" Fisi akaling'ata sikio la Pakacha: kachu!

Pakacha akala majani yote: kafu, kafu, kafu. Akala kamba. Akala nyasi za paa la nyumba ya Fisi. Maziwa yakatoka: to... to. Basi.

Fisi akaja mlangoni kwa Digidigi, udenda ukimtoka.

"Alama nimeshatia, kubadilisha siwezi. Nipe siri ya Kidege. Nikikosa maziwa, kitoweo nakiona." Akamkodolea macho mtoto.

Digidigi akamsogeza mtoto nyuma yake. "Siri ni damu, Bwana Fisi. Amerithi kwa mama yake."

"Damu nitaikamua? Nataka maziwa!"

Ukweli haukumshibisha. Digidigi akajaribu uongo.

"Basi, ng'ombe humwiga mfugaji wake. Mimi naonja jani moja tu, Kidege ananitazama. Wewe ukila, Pakacha anakuona. Funga mbele ya macho yake."

"Hata mfupa nisiguse?"

"Hata kuunusa."

Fisi akamtazama mtoto. Akamtazama mama. Akameza mate, gulu! Akaondoka.

Akafunga. Pakacha: kafu, kafu, kafu. Fisi akakonda.

"Ameanza kuniiga?" akauliza kila Digidigi alipopita.

"Bado kidogo, Bwana Fisi. Jana alipumzika kutafuna."

Fisi akafunga zaidi. Mvua iliponyesha, mtoto wa Digidigi akapita mbele yake akirukaruka. Fisi akanyanyuka amkamate. Akaanguka, pu!

"Mama, mbona haamki?"

"Anamfundisha ng'ombe wake adabu, mwanangu. Mwamkie, upite."

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Mara... ha... ba."

Kwa hiyo, wanangu, mkienda kununua ng'ombe, msiulize mama yake alikuwaje. Mtazameni muuzaji tumbo.

Ngano yangu imekatikia hapa. Atakayeiokota, akaiunge kwao.