Asubuhi Tisa za Damiana

Wametusimulia waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika mji mmoja wa Misri kando ya Mto Nili, mtu aliyetaka ubatizo alifundishwa siku arobaini kabla ya Pasaka. Kila asubuhi alifika kanisani, na aliyekosa asubuhi tatu bila udhuru alingoja mwaka mwingine. Siku ya mwisho askofu aliuliza mbele ya wote: huyu ameishije kati yenu?

Miongoni mwao alikuwapo Damiana, mama wa mtoto mchanga, Yusto. Alikuwa ameungoja ubatizo miaka miwili. Jirani yake Nefori, ambaye hakuwa Mkristo, alizoea kumtania: "Mama Yusto, bado hawajakuogesha tu? Na mto wote huu!" Damiana alicheka naye, akaendelea kuanika nguo.

Katikati ya Kwaresima Nefori alijifungua, akashikwa na homa kali, maziwa yakakauka. Ya mbuzi mtoto aliyatapika. Siku ya tatu kilio chake kilififia kikawa chembamba kama cha paka, na kila mama anajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa. Damiana alikuwa ameshajitanda shuka aende kanisani. Aligeuka, akaingia kwa jirani, akampa mtoto titi.

"Mama mkwe wangu asijue," Nefori alimsihi. "Akisikia mjukuu wake kanyonya kwa Mkristo, ataninyang'anya."

Damiana akaahidi. Mama mkwe huyo aliuza vitunguu sokoni tangu alfajiri hadi adhuhuri, basi saa za kunyonyesha zikawa zile zile za mafundisho. Mtoto alishiba asubuhi, na jioni akavumilia matone ya maziwa ya mbuzi. Zikapita asubuhi tisa.

Mjane Eudosia, msimamizi wake wa ubatizo, alimjia akiwa na huzuni. "Mwanangu, sema uliugua. Nami nitaitikia."

"Mama, nimwendee Kristo kwa uongo?"

"Basi sema ulikokuwa."

"Hilo nimeahidi kulitunza."

Siku ya kuulizwa ikafika. Alitangulia Isidori, mtu wa saumu, majivu usoni, zaburi zote kichwani. Askofu akamuuliza ni mgonjwa gani aliyemtembelea. Akajibu kwamba saumu haikumwachia nguvu za kutembea.

Kisha akaitwa Damiana. "Binti yangu, umekosa asubuhi tisa. Uliugua?"

"La, Baba Askofu."

"Ulisafiri?"

"La. Sababu ninayo, ila si yangu kuitoa. Nitangoja mwaka mwingine."

"Kanuni ni kanuni," Isidori alinong'ona, wote wakasikia.

Askofu akachukua kalamu afute jina lake. Papo hapo mtoto akalia mlangoni. Alikuwa Nefori, bado dhaifu, ameegemea mlango na mwanawe mikononi, maana tangu alfajiri hajanyonya. Mtoto alikuwa ameisikia sauti ya Damiana, akawa anajinyonga kuielekea. Nguo ya Damiana ikalowa kifuani. Kila mtu aliona.

"Mchukue, Mama Yusto," akasema Nefori. "Nimechoka kumdanganya kwa kidole." Kisha akawageukia watu. "Mimi nimemzaa tu. Asubuhi tisa hizi, aliyemweka hai ni huyu. Mama mkwe akisikia, na asikie."

Damiana akaketi sakafuni, akajifunika shuka, akamnyonyesha. Isidori akakumbusha kwamba asiyebatizwa haruhusiwi kutoa ushahidi.

Askofu akaweka kalamu chini. "Shahidi wangu ananyonya. Msimsumbue." Kisha akamwambia Isidori kwa upole, "Nawe mwanangu, kula kidogo upate nguvu, halafu umtekee mama huyu mgonjwa maji mpaka Pasaka."

Isidori akanawa uso, akaenda. Wanasema aliteka kwa bidii kweli. Na Damiana alibatizwa Pasaka ile ile, Yusto mgongoni mwa Eudosia.

Wapendwa, kufunga ni kwema, na zaburi ni tamu. Lakini imani iliyo hai huingia nyumba ya pili ikimsikia anayelia. Wala tusiogope kwamba wema wetu utapotea kwa kutosemwa, maana Mungu anauona, na hilo latosha. Atujalie kuishi hivi kwamba hata jirani asiyesali pamoja nasi aweze kusimama mlangoni na kusema: huyu namjua.